Rossi, Stoner, Marquez: Nani anashinda, mtu au pikipiki?

APRILI 18, 2004, Welkom, Afrika Kusini. Valentino Rossi, Mwitaliano anayetumia namba 46, amevuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza. Nyuma yake, kwa tofauti isiyofika hata robo ya sekunde, yupo hasimu wake wa siku nyingi, Max Biaggi, akiwa juu ya Honda.

Kawaida mshindi huzunguka uwanja akiwapungia mashabiki. Siku hiyo Rossi alisimama pembeni, akashuka, akakaa chini peke yake kando ya njia, kichwa amekiinamisha. Kisha akaibusu pikipiki yake.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Yamaha. Msimu uliotangulia, Yamaha nzima, pamoja na madereva wake wote, iliambulia nafasi ya kupanda jukwaani mara moja tu. Ubingwa wa dunia wa daraja la juu ilikuwa imeuonja mara ya mwisho mwaka 1992, enzi za Mmarekani Wayne Rainey.

Busu lile liliwasha upya ubishi ambao mpaka leo haujazimika kwenye mbio za pikipiki za MotoGP. Anayeshinda ni nani hasa, mtu au mashine?

Shabiki wa soka anaujua ubishi huu. Lionel Messi alifunga mabao 30 ya ligi katika msimu wake wa mwisho Barcelona, akahamia PSG, na msimu wa kwanza wa ligi ya Ufaransa akafunga sita. Kabla mwaka 2022 haujaisha, akanyanyua Kombe la Dunia na Argentina. Mguu ni ule ule. Kilichobadilika ni waliomzunguka.

Kwenye MotoGP mambo ni magumu zaidi, maana anayekupa pasi ni chuma. Na chuma chenyewe sio mchezo. Uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 157, lakini mwaka 2023 pale Mugello, Italia, Brad Binder wa Afrika Kusini alikifikisha kasi ya kilomita 366.1 kwa saa. Kwenye kona, dereva anakilaza mpaka kiwiko chake kinasugua lami. Hapo tairi ikiteleza kidogo tu, ameondoka.

HONDA WALIAMINI NI PIKIPIKI

Mwaka 2003 Honda ilikuwa haishikiki. Kati ya mbio 16 za msimu ule, ilishinda 15. Moja tu iliponyoka, ile ya Catalunya, iliyokwenda kwa Ducati ya Loris Capirossi. Rossi mwenyewe alishinda tisa na kuchukua ubingwa wake wa tatu mfululizo wa daraja la juu akiwa na kampuni hiyo.

Lakini sifa hazikumwendea yeye peke yake. Wengi walisema kwa pikipiki ile, dereva yeyote wa maana angetwaa ubingwa. Na ukitazama hesabu, walikuwa na hoja. Sete Gibernau alishinda mbio nne na Biaggi mbili, wote kwa Honda.

Maneno hayo yalimkera Rossi. Akafunga virago akaenda Yamaha, tena akambeba fundi wake mkuu, Jeremy Burgess wa Australia, pamoja na mafundi wengi wa timu yake. Kwa macho ya wengi ilikuwa sawa na mshambuliaji wa timu bingwa kuomba uhamisho kwenda kwa wanaopigania kutoshuka daraja.

Mwisho wa msimu wa 2004 alikuwa ameshinda mbio tisa na ubingwa. Ushindi wote wa Yamaha mwaka ule ulikuwa wa kwake. Hakuna dereva mwingine wa Yamaha aliyeshinda hata mbio moja.

Basi kesi imekwisha? Ni mtu?

Hapana. Kuna nusu ya hadithi ambayo wanaosimulia wembe wa Rossi huwa wanairuka.

MKONO WA KULIA

Yamaha walikuwa na mhandisi anaitwa Masao Furusawa. Kabla ya msimu kuanza, kwenye majaribio ya Sepang, Malaysia, aliwapangia Rossi na Burgess injini za aina tofauti wachague. Waliyoichagua ndiyo iliyobadili historia ya kampuni.

Kwa kawaida, kwenye injini ya pistoni nne zilizopangwa mstari mmoja, pistoni hupanda na kushuka mbili mbili, na milipuko ndani ya injini hupishana kwa nafasi zilizo sawa. Furusawa alibadilisha umbo la krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ili kila pistoni iwe na zamu yake na milipuko isipishane sawasawa.

Faida yake si mbio. Faida yake ni hisia. Dereva akiwa anatoka kwenye kona, pikipiki bado imelala, anaanza kuvuta mafuta kwa mkono wa kulia kidogo kidogo. Kwenye injini ya zamani, mitetemo ya pistoni zenyewe ilikuwa inamchanganya. Kwenye injini mpya, alichokisikia mkononi ndicho kilichokuwa kinaifikia tairi ya nyuma. Akawa anajua mapema tairi inataka kuteleza au bado imeshika.

Kwa hiyo Welkom hakushinda mtu peke yake. Alishinda dereva aliyejua kusema anachotaka, fundi aliyejua kumwelewa, na mhandisi aliyekubali kubadilisha injini.

DUCATI YA MTU MMOJA

Mwaka 2007 injini zilipunguzwa kutoka sisi 990 hadi 800. Ducati ya Italia ikatoka na pikipiki yenye mbio za kutisha kwenye njia iliyonyooka, na juu yake wakampandisha Mwaustralia wa miaka 21, Casey Stoner. Dogo akashinda mbio 10 kati ya 18 na kuwapa Ducati ubingwa wao wa kwanza wa MotoGP.

Watu wakarudia wimbo wa zamani: ni injini hiyo, hata bibi angeshinda.

Sasa angalia waliompata kama mwenzao kwenye timu. Capirossi, mzoefu aliyeijua Ducati tangu siku ya kwanza, alishinda mbio moja tu mwaka 2007. Mwaka uliofuata akaja Marco Melandri, aliyekuwa makamu bingwa wa dunia mwaka 2005. Stoner akamaliza msimu wa pili, Melandri wa 17. Mwaka 2009 akaja Nicky Hayden, bingwa wa dunia wa 2006. Naye akaishia nafasi ya 13.

Pikipiki ni ya kampuni ile ile, rangi ni ile ile. Stoner anaruka nayo, wenzake wanahangaika kuikunja kona.

Hapo ndipo kengele ilipaswa kulia makao makuu ya Ducati, Bologna. Shida ni kwamba Stoner alikuwa anaendelea kushinda. Kati ya 2007 na 2010 aliwapa ushindi wa mbio 23. Madereva wengine wakilalamika kwamba tairi ya mbele haiwapi taarifa yoyote, jibu lilikuwa rahisi: mbona mwenzenu anashinda?

Ni kama timu yenye straika anayefunga kila wiki. Kiungo kimeoza, mabeki wanapitwa, lakini matokeo ni mawili moja, tatu mbili, pointi tatu mfukoni. Nani atafukua tatizo? Siku straika akiondoka ndio watu wanaambiana ukweli.

ROSSI AINGIA KWENYE MTEGO

Stoner aliondoka mwisho wa 2010 kwenda Honda. Aliyechukua nafasi yake? Rossi mwenyewe.

Italia ilisimama. Mwitaliano mwenye ubingwa wa dunia mara tisa, juu ya pikipiki nyekundu ya Kiitaliano, tena akiwa na Burgess wake. Kama alifufua Yamaha, kwanini ashindwe Ducati?

Alishindwa. Misimu miwili, 2011 na 2012, hakushinda hata mbio moja. Alipanda jukwaani mara tatu tu. Alimaliza wa saba, kisha wa sita. Alilalamikia kilekile walichokilalamikia Melandri na Hayden, kwamba mbele hapasikiki na kona haikunjiki. Ducati wakabadilisha mpaka fremu, wakaacha ya nyuzi za kaboni wakaenda kwenye alumini. Wapi.

Mwaka huohuo wa 2011, Stoner kwenye Honda yake mpya alishinda mbio 10 na kuwa bingwa wa dunia.

Ducati waliendelea kulipa deni lile kwa miaka. Baada ya ushindi wa mwisho wa Stoner pale Phillip Island, Australia, Oktoba 2010, hawakushinda tena mpaka Agosti 2016, Andrea Iannone aliposhinda Austria. Karibu miaka sita mikavu.

Rossi alirudi Yamaha mwaka 2013, na mwezi Juni akashinda Assen, Uholanzi. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni alichokalia.

KIPANDE CHA TENKI

Aliyewaamsha Ducati ni mhandisi Gigi Dall'Igna, aliyetoka Aprilia mwishoni mwa 2013. Chini yake Ducati ikaacha kujengwa kwa ajili ya shujaa mmoja. Ikawa na pikipiki nyingi kwenye mashindano, chini ya timu tofauti, na taarifa za kila dereva zikawa zinarudi kiwandani.

Lakini hata hapo mtu hakuondoka kwenye hesabu. Mwaka 2017 Ducati ilimsajili Jorge Lorenzo, Mhispania aliyekuwa bingwa wa MotoGP mara tatu akiwa na Yamaha. Msimu mzima hakushinda. Yeye ni dereva wa mikono laini, Ducati ilikuwa inataka mtu wa kupambana nayo kwenye breki, na mbio zikifika katikati mikono ilikuwa imekwisha.

Mwaka 2018 pale Mugello wakamwekea tenki lenye umbo jipya, lenye mahali pa kujiegemeza wakati wa kufunga breki. Wikiendi hiyohiyo akashinda, tena nyumbani kwa Ducati. Akashinda na Catalunya, akashinda na Austria.

Hawakumwongezea nguvu ya injini. Walimpa mahali pa kuweka uzito wake. Bahati mbaya wakati tenki linafika, safari yake ya kwenda Honda ilikuwa imeshaiva.

HONDA YAUGUA BILA KUJIJUA

Huko Honda alimkuta Marc Marquez.

Marquez alitwaa ubingwa wa MotoGP akiwa mgeni wa daraja hilo mwaka 2013, akiwa na miaka 20. Mwaka 2014 alishinda mbio 10 za kwanza za msimu mfululizo. Lakini msimu wa kuogopesha zaidi ulikuwa 2019. Mbio 19, ameshinda 12, amekuwa wa pili mara sita, na mara moja ameanguka. Hakuna siku aliyomaliza chini ya nafasi ya pili. Jumla pointi 420.

Lorenzo, bingwa mara tatu, kwenye timu hiyohiyo, alipata pointi 28. Aliumia na kukosa mbio kadhaa, lakini hata alipokuwa mzima hakuwahi kuelewana na pikipiki ile. Mwisho wa msimu akastaafu.

420 kwa 28. Honda walizitazama namba hizo wakaona wana dereva bora duniani. Ni kweli walikuwa naye. Ambacho hawakukiona ni kwamba namba ya pili ilikuwa inawaambia jambo la muhimu zaidi. Pikipiki yao ilikuwa imekuwa ngumu kiasi kwamba mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeiweza, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuinyanyua kwa goti na kiwiko wakati mwingine angekuwa ameshaanguka.

Ilikuwa Ducati ya Stoner imerudi, safari hii kwa rangi za Honda.

Julai 19, 2020, Jerez, Hispania, Marquez alianguka na kuvunjika mfupa wa mkono wa juu wa kulia. Honda ikamaliza msimu bila ushindi. Mwaka 2021 ilishinda mbio tatu, zote za Marquez aliyekuwa bado mgonjwa. Mwaka 2022 ikatoka kapa tena. Mkono ule ulifanyiwa upasuaji mara nne.

Mwaka 2023 mkono ukawa umepona, lakini pikipiki ndiyo imelazwa. Pale Sachsenring, Ujerumani, uwanja ambao Marquez alikuwa hagusiki, alianguka mara tano wikiendi moja, na Jumapili hakushiriki mbio. Mwenzake mpya, Joan Mir, bingwa wa dunia wa 2020, alimaliza msimu wa 22. Marquez mwenyewe akamaliza wa 14.

Swali likageuka. Zamani watu waliuliza kama Marquez angeweza bila Honda. Sasa wakawa wanauliza kama amekwisha.

AENDA KULIPIMA MWENYEWE

Alikuwa na mkataba mnono wa mwaka mmoja zaidi. Angeweza kukaa, akala hela yake, akailaumu pikipiki mpaka siku ya kustaafu. Nani angembishia?

Akauvunja. Kwa 2024 akaenda Gresini, timu binafsi, akapewa Ducati ya mwaka uliopita. Mafundi wake wa miaka yote akawaacha Honda.

Uamuzi huo ulikuwa na hatari ambayo mashabiki wengi hawakuifikiria. Kwenye Honda mbovu, alikuwa na kisingizio. Juu ya Ducati, pikipiki ambayo kila mtu anajua ni bora, kisingizio kimekwisha. Akishindwa pale, jibu ni moja tu: ni yeye.

Madereva wanne walikuwa na Ducati ya aina ile ya mwaka uliopita. Septemba 1, 2024, pale Aragon, Marquez alishinda, siku 1,043 tangu ushindi wake wa mwisho. Akaongeza Misano na Phillip Island. Wale wengine watatu, akiwemo mdogo wake Alex, hawakushinda hata mbio moja ya Jumapili.

Mwaka huo Ducati ilishinda mbio 19 kati ya 20. Kwa hiyo wanaosema ni mashine wana hoja nzito. Lakini mashine ile ya zamani, katika mikono minne, ilishinda katika mikono ya mmoja tu.

Ducati ikampandisha timu ya kiwanda. Septemba 28, 2025, pale Motegi, Japan, akachukua ubingwa huku raundi tano zikiwa zimebaki, akiwa ameshinda mbio 11. Ubingwa wake wa tisa kwa madaraja yote, sawa na Rossi. Baadhi ya waliomwona akilia ndani ya kofia siku ile walikuwa wamemzika miaka miwili nyuma.

KENGELE INALIA TENA

Sasa geuza macho uangalie upande wa pili wa gereji hiyohiyo.

Francesco Bagnaia, bingwa wa 2022 na 2023, alishinda mbio 11 mwaka 2024. Mwaka 2025, akiwa na pikipiki sawa na ya Marquez, alishinda mbili. Alimaliza wa tano kwa pointi 288, Marquez akiwa na 545. Malalamiko yake? Mbele hapampi imani akifunga breki.

Wiki moja baada ya kutwaa ubingwa, Marquez aliangushwa Indonesia akaumia bega, msimu wake ukaisha. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwaka, timu ya kiwanda ya Ducati haikushinda tena mbio ya Jumapili. Zilizoshinda ni Ducati za Gresini, aina ya mwaka uliopita, na pikipiki za Aprilia.

Msomaji aliyefuatana na hadithi hii tangu Welkom ameshaisikia kengele. Mmoja anaruka, mwenzake analalamika tairi ya mbele, na yule anayeruka akikosekana, ushindi unakauka.

Mwaka 2027 kanuni zinabadilika. Injini zinashuka hadi sisi 850, vifaa vya kuishusha pikipiki ikiwa kwenye mwendo vinapigwa marufuku, mabawa ya upepo yanapunguzwa. Kila kiwanda kinaanza upya, na kila mhandisi atalazimika kuchagua sauti ya kuisikiliza wakati anachora.

Rossi aliifufua Yamaha kwa sababu kulikuwa na watu waliosikiliza mkono wake wa kulia unasema nini. Ducati ya Stoner na Honda ya Marquez zilisikiliza saa ya kupimia muda tu, na saa ilikuwa inasema mambo ni safi.

Marquez ndiye mwenye kasi, na hilo halina ubishi tena. Lakini kama Ducati wanataka kujua pikipiki yao ina hali gani, wasimuulize yeye. Wamuulize Bagnaia.